Mto Mara una thamani gani kwa utalii? Hesabu inavyofanywa na inapopotoka

Tangu 2024, mgeni asiye mkazi anayeingia Hifadhi ya Maasai Mara hulipa dola 100 kwa siku kuanzia Januari hadi Juni, na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba. Barabara ni zilezile, simba ni walewale. Kinachobadilika ni kwamba kuanzia Julai makundi ya nyumbu huanza kufika kutoka Serengeti, na mgeni yuko tayari kulipa mara mbili ili awaone wakijitosa Mto Mara. Nyumbu nao hufuata majani na maji. Na maji hayo, wakati nyanda za Serengeti zimekwisha kukauka, hutoka mahali pasipo na geti wala mtalii: kwenye misitu na mashamba ya nyanda za juu za Mau nchini Kenya, kwa mkulima wa mahindi, chai na viazi.

Kwa hiyo anayeuliza "utalii wa Mto Mara una thamani gani?" anauliza maswali kadhaa kwa pamoja. Wageni wanatumia kiasi gani? Kiasi gani kinabaki bondeni? Ni sehemu gani ya fedha hizo inayotegemea maji? Na mto ukipungua, hasara ni ya nani? Ripoti nyingi hujibu swali la kwanza, kisha jibu hilo likanukuliwa kana kwamba limejibu yote.

Jiografia ndiyo inayoamua hesabu

Mto Mara una urefu wa takriban kilomita 395, na bonde lake lina ukubwa wa kilomita za mraba kama 13,500. Karibu theluthi mbili ya bonde iko Kenya na theluthi moja Tanzania. Chanzo chake ni kinamasi cha Enapuiyapui katika Mau. Mito miwili, Nyangores unaopita mjini Bomet na Amala ulio mashariki yake, ndiyo inayobeba maji mwaka mzima. Talek na Sand River huongeza maji kutoka upande wa milima ya Loita, lakini ni mito ya msimu. Kiangazi kikikolea, mchango wake ni mdogo au haupo. Ukitoka Maasai Mara mto huvuka mpaka, hupita Kogatende na Lamai kaskazini mwa Serengeti, huingia kwenye kinamasi kikubwa, kisha hupita chini ya Daraja la Kirumi na kumwaga maji Ziwa Victoria karibu na Musoma.

Maeneo ya Nyangores na Amala hupata mvua ya milimita 1,000 hadi 1,750 kwa mwaka. Sehemu za Loita na za karibu na Musoma hupata milimita 300 hadi 850 tu. Tena Mau hupata mvua hata Julai na Agosti, miezi ambayo nyika ya Serengeti haina tone. Tofauti hii ya majira ndiyo mtaji wa utalii wa Mara. Mto unatiririka penye ukame kwa sababu mvua imenyesha kwingine, kwenye ardhi ya watu wengine. Wasimamizi wa hifadhi wanaweza kulinda kila mnyama na kila mti ndani ya mpaka wao na bado wakaupoteza mto.

Namba tatu zinazochanganywa

Namba ya kwanza ni matumizi ya wageni: kiingilio, malazi, magari, ndege ndogo, puto la asubuhi, shanga na vinyago. Ni rahisi kuipata na ni kubwa, ndiyo maana wanasiasa huipenda. Inafaa kuonyesha ukubwa wa biashara. Haifai kuonyesha faida, kwa sababu fedha iliyotumika ni gharama kwa mmoja na mapato kwa mwingine.

Namba ya pili ni kipato kinachobaki. Chukua mfano wa kukisia wa kifurushi cha dola 2,400 kwa siku tatu za Agosti. Kiingilio ni dola 600. Tuseme wakala wa nje anachukua dola 480, mafuta, vinywaji na vipuri vinavyoagizwa ng'ambo vinakula 300, na faida ya mwenye kambi asiyeishi nchini ni 220. Zimebaki dola 800. Tuseme nusu yake inaishia Nairobi kwa ofisi, wauzaji wa jumla na kodi za serikali kuu, na nusu inafika bondeni kama mishahara, malipo ya kukodi ardhi na mboga. Basi bondeni zimefika dola 1,000 kati ya 2,400, na 600 kati yake ni tiketi. Uwiano huu hubadilika sana kati ya kambi na kambi, na ndiyo sababu lazima upimwe kwa vitabu vya hesabu vya biashara zenyewe, usiazimwe kutoka utafiti wa nchi nyingine. Ukiifuatilia fedha hiyo kupanda juu hadi kwa mkulima wa Bomet, utakuta karibu hakuna kitu.

Namba ya tatu haionekani kwenye risiti yoyote. Ni ziada ya mlaji: tofauti kati ya kile ambacho mtu angekuwa tayari kulipa na kile alichokilipa. Familia iliyotoka Nakuru, ikatumia shilingi 20,000 na ikaona safari ile ingestahili hata 30,000, imepata faida ya shilingi 10,000 ambayo haikuingia mfukoni mwa mtu yeyote. Wachumi huihesabu kama thamani halisi, na wako sahihi, kwani hilo ndilo litakalopotea mto ukiharibika, hata kama familia itatumia fedha zake kwenda kwingine.

Usijumlishe namba ya kwanza na ya tatu ukaita "thamani ya jumla". Kwa raia wa nchi, faida ni ziada yake pamoja na faida halisi ya wanaomhudumia. Matumizi yake yote si faida. Kwa mgeni wa nje, ziada yake anarudi nayo kwao, na nchi inabaki na kilicholipwa na kubaki, ukitoa gharama za kumhudumia. Hesabu ya taifa na hesabu ya dunia nzima hutoa majibu tofauti kwa mto uleule, kwa hiyo mwandishi wa ripoti aseme mapema anahesabu kwa niaba ya nani.

Kupima ziada kwa gharama za safari

Njia iliyozoeleka zaidi huanzia kwenye jambo la wazi: anayekaa mbali hulipa zaidi kufika, hivyo huja mara chache. Umbali unafanya kazi ya bei. Unagawa nchi katika kanda kulingana na gharama ya kufika, unahesabu ziara kwa kila watu 1,000 wa kanda hiyo, kisha unachora mstari unaoonyesha ziara zinavyopungua gharama inapopanda.

Tazama mfano wa kubuni wenye kanda mbili. Kanda ya kwanza ina watu 100,000, safari inagharimu shilingi 5,000, na kila watu 1,000 hufanya ziara 40. Ya pili ina watu 200,000, gharama ni shilingi 10,000, na ziara ni 20 kwa kila watu 1,000. Mstari ukinyooka, gharama ikifika 15,000 hakuna anayekuja. Kila kanda inatoa ziara 4,000, jumla 8,000, na matumizi ni shilingi milioni 60.

Ziada ni eneo la pembetatu chini ya mstari. Kanda ya kwanza: ziara 40 mara shilingi 10,000 gawa kwa mbili, yaani 200,000 kwa kila watu 1,000, au milioni 20 kwa kanda nzima. Ya pili: 20 mara 5,000 gawa kwa mbili, yaani 50,000 kwa kila watu 1,000, au milioni 10. Jumla ni milioni 30, sawa na shilingi 3,750 kwa ziara.

Sasa ongeza kiingilio kwa shilingi 2,500. Ziara za kanda ya kwanza zinashuka hadi 3,000, za pili hadi 2,000. Geti linakusanya milioni 12.5 zaidi. Faida ya wageni inashuka kutoka milioni 30 hadi milioni 13.75. Wamepoteza milioni 16.25, geti limepata 12.5, na milioni 3.75 zimeyeyuka kwa sababu ziara 3,000 hazikufanyika kabisa. Halmashauri ikisema "tumeongeza thamani ya hifadhi kwa milioni 12.5" itakuwa imetaja mapato yake tu, na sehemu kubwa ya mapato hayo imetoka mifukoni mwa wananchi wake.

Makosa ya njia hii yanajulikana, na Mara ina karibu yote. Kubwa zaidi ni safari yenye vituo vingi. Mgeni wa Ujerumani anayeona Mara, kisha Ngorongoro, kisha akapumzika Zanzibar au Diani, hajatumia nauli yake yote ya ndege kwa ajili ya Mto Mara. Lazima aulizwe angekuja kama Mara isingekuwepo, na angefupisha safari kwa siku ngapi. La sivyo nauli moja itahesabiwa mara tatu na vituo vitatu. Kosa jingine ni kuwahoji watu getini Agosti peke yake, kisha kuzidisha kwa miezi 12. Wanaohojiwa ndani ya hifadhi huwa pia wanaokaa muda mrefu au wanaorudi mara kwa mara, kwa kuwa hao ndio unaokutana nao kwa urahisi, na wastani hupanda bila haki.

Msongamano nao huharibu hesabu. Kanuni za Maasai Mara zinataka magari yasizidi matano kwa mnyama mmoja, lakini kwenye kivuko cha nyumbu magari hujipanga kwa makumi. Kila gari linaloongezeka hupunguza thamani ya waliotangulia, kwa hiyo huwezi kuchukua thamani ya ziara moja na kuizidisha kwa idadi yoyote ya wageni unayoitamani. Hifadhi za jamii zinazoizunguka Mara zimelielewa hili kibiashara. Baadhi huruhusu hema moja tu kwa kila ekari 350, nyingine moja kwa ekari 700, na wanauza utulivu huo kwa bei ya juu huku wenye ardhi wakilipwa kodi kwa ekari, wageni waje wasije. Udhaifu wake ulionekana 2020, safari za ndege zilipokatika kwa sababu ya korona na baadhi ya kambi zikashindwa kulipa kodi kamili.

Thamani ya badiliko

Hata ukifanya yote hayo kwa usahihi, umepata thamani ya kuwa na mto dhidi ya kutokuwa nao kabisa, na hakuna mtu anayeamua hivyo. Anayetoa kibali cha maji anaamua kama achote lita 200 kwa sekunde zaidi au la. Serikali inaamua kama msitu upunguzwe kwa hekta kadhaa. Mwaka 2001 zaidi ya hekta 60,000 ziliondolewa katika misitu ya Mau. Huo ulikuwa uamuzi wa badiliko, na haukuwekewa bei yoyote ya hasara kwa walio upande wa chini wa mto.

Anza na vipimo. Mita moja ya ujazo kwa sekunde ni mita za ujazo 86,400 kwa siku. Umwagiliaji, pamoja na upotevu wa mifereji, unaweza kukadiriwa kwa lita moja kwa sekunde kwa hekta, hivyo mita moja ya ujazo kwa sekunde hutosha kama hekta 1,000. Linganisha na kambi: vitanda 4,000 vikitumia lita 300 kila kimoja ni mita za ujazo 1,200 kwa siku, chini ya asilimia 1.4 ya kiasi hicho. Lawama kwamba hoteli "zinamaliza mto" haina msingi wa hesabu. Majitaka yao ni suala jingine na linastahili ukaguzi mkali. Utalii unahitaji maji yapite. Lita iliyowapitia nyumbu wa Maasai Mara inaweza kuendelea hadi Kogatende na kuwafikia wavuvi wa Musoma. Lita iliyomwagwa shambani hunywewa na mmea na kupaa hewani.

Jambo la pili, na ndilo linalopuuzwa zaidi, ni kwamba thamani ya maji kwa utalii haipungui kwa mstari ulionyooka. Mto ukiwa umejaa Aprili, kuchota mita mbili za ujazo kwa sekunde hakumwondoi mgeni hata mmoja. Mto ukikaribia kukatika, kuchota robo ya kiasi hicho kunaweza kutenganisha madimbwi. Mara ndio mto mkuu wa kudumu kwa makundi hayo wakati wa kiangazi. Mfano wa kihesabu uliochapishwa 2002, kuhusu ukataji misitu, umwagiliaji na mradi uliopendekezwa wa kuhamisha maji ya Amala, ulionya kwamba ukame mkali ukikutana na matumizi hayo, sehemu kubwa ya nyumbu inaweza kufa. Kwa sababu hiyo, ukigawa mapato yote ya utalii kwa mita za ujazo zote za mwaka utapata bei ya wastani isiyo na maana: kubwa mno kwa Aprili, ndogo mno kwa wiki mbaya ya kiangazi.

Wala suala si kiu peke yake. Upande wa Kenya mto una viboko wapatao 4,000, wanaoingiza majini kiasi cha tani 36 za kinyesi kibichi kila siku. Nyumbu wanaozama katika vivuko ni wastani wa zaidi ya 6,000 kwa mwaka, takriban tani 1,100 za mizoga. Maji yakitiririka vizuri, hayo yote ni lishe kwa samaki, mamba na tai. Yakipungua, kinyesi hutuama kwenye madimbwi, oksijeni huisha, kisha mvua ya ghafla huusukuma uchafu huo kwa pamoja na samaki hufa upande wa chini. Msitu unaofyekwa juu huongeza hali hizi mbili kwa mpigo: kiangazi maji huwa machache zaidi, na mvua ikinyesha hufika kwa kishindo yakiwa yamebeba udongo.

Kwa vitendo, uchambuzi unaofaa huanza na kumbukumbu za vituo vya kupima mtiririko: Bomet kwa Nyangores, Kapkimolwa kwa Amala, na Mara Mines upande wa Tanzania. Unapanga vipimo vya kila siku kutoka kikubwa hadi kidogo na kutafuta kiwango ambacho mto hukifikia au kukizidi asilimia 95 ya siku. Kenya hukitumia kiwango hicho kama kima cha chini cha akiba ya mto, maji ambayo sheria inayatenga kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na viumbe kabla ya kibali chochote. Anayetaka kumwagilia anatakiwa ategemee maji ya mafuriko na awe amehifadhi maji ya kutosha siku 90. Kisha unahesabu siku zilizo chini ya akiba kwa kila msimu, na kuuliza kila kibali kipya kitaongeza siku ngapi. Bei ya utalii ibandikwe kwenye siku hizo, maana ndizo zinazowapoteza wageni. Kumbukumbu zenye mapengo ya miaka, geji (kifaa cha kupimia kina cha maji) iliyosombwa na mafuriko bila kurudishwa, au mchoro wa kukadiria mtiririko kutokana na kina uliopitwa na wakati kwa sababu mchanga umeinua sakafu ya mto, vyote huingiza kosa kubwa kuliko tofauti zote za kiuchumi zinazobishaniwa mikutanoni.

Kumfikia mkulima wa juu

Sehemu ya makusanyo ya geti hutengwa kwa jamii zinazoizunguka hifadhi ya Maasai Mara. Bomet, ambako Nyangores unapita, iko nje ya Kaunti ya Narok na haigusi tiketi. Upande wa Tanzania viingilio vya Serengeti huenda serikali kuu. Mkulima wa Mau anaombwa asilime ukingoni, ambao sheria ya Kenya huupima kwa mita 6 hadi 30 kulingana na upana wa mto, na ile ya Tanzania kwa mita 60. Kwa mwenye ekari moja na nusu kando ya kijito, hata mita 6 ni magunia kadhaa ya mahindi kila mwaka, na hayo ni hasara yake peke yake.

Bonde jirani limeshaonyesha namna moja. Katika mto Malewa unaolisha Ziwa Naivasha, watumiaji maji wa chini walichangia vocha za takriban dola 17 kwa mwaka kwa wakulima wa juu waliopanda mikanda ya nyasi, kutengeneza matuta na kuacha ukingo upumue. Ichukue namba hiyo uipeleke Mara: dola moja juu ya kila siku ya mgeni, kwa kila siku-wageni 100,000 (mgeni mmoja kwa siku moja ni siku-mgeni moja), ni dola 100,000, na bila kutoa gharama za uendeshaji inatosha kaya kama 5,900. Kwenye tiketi ya dola 200 hiyo ni nusu ya asilimia moja. Haielekei kuwa itamrudisha nyuma mgeni yeyote.

Ugumu uko kwingine. Tozo inakusanywa na mamlaka moja na kutumika katika eneo la nyingine, hivyo inahitaji sheria ya kaunti mbili au makubaliano ya kudumu, na kwa upande wa Tanzania bajeti ya serikali kuu. Hati ya makubaliano ya 2015 kati ya nchi hizi mbili kuhusu usimamizi wa pamoja wa bonde inatoa pa kuanzia, lakini haijaweka bei. Vyama vya watumiaji maji vinapaswa kuhakiki kazi shambani, na mhakiki anayelipwa na anayehakikiwa ni tatizo. Malipo yasipofuata msimu wa mbegu, vocha huuzwa kwa nusu bei. Wapangaji wanaokodi shamba hufanya kazi ya matuta halafu mwenye shamba akachukua vocha. Basi mkataba umtaje anayelima.

Na matokeo yasihukumiwe kwa mwaka mmoja. Nyangores ikipanda baada ya msimu mzuri wa mvua, matuta hayajathibitisha lolote. Linganisha na Amala katika miezi ileile, ukianzia angalau miaka mitano kabla ya malipo kuanza, na utazame zaidi Januari hadi Machi, wakati mto unaishi kwa maji yaliyohifadhiwa ardhini.